Mbege isiishie kwenye habari za polisi

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni gazeti lako lilichapisha habari ya msako wa pombe haramu mkoani kwetu Kilimanjaro. Habari yenyewe ilikuwa ya gongo, ile pombe kali inayokenekwa: mitambo iliyokamatwa, madumu, watu waliofikishwa kituoni. Lakini picha iliyowekwa juu yake ilikuwa ya pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, likimwagwa mtaroni. Kwa mtu anayepika hakuna namna ya kukosea. Gongo ni angavu, ukiitia kwenye chupa unaona upande wa pili. Kile kilichokuwa kinamwagika kilikuwa kizito, cha rangi ya hudhurungi, povu limejaa chembe za ulezi. Kuna mama mahali fulani aliyeamka alfajiri kuwasha moto chini ya pipa lile, na wasomaji wako wameonyeshwa kazi yake kama ushahidi wa kosa la mtu mwingine.

Nasoma gazeti lako karibu kila siku. Nikijaribu kukumbuka ni lini liliandika juu ya mbege, ulanzi au rubisi bila kumtaja kamanda wa polisi au mgambo wa kata, sikumbuki. Bia ya kiwandani inaandikwa kwenye kurasa za biashara na michezo. Mvinyo wa Dodoma unaandikwa kwenye kilimo, na ni haki yake. Pombe zetu za asili zinaingia gazetini kwa mlango wa polisi peke yake. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Marangu, na napika mbege. Nilifundishwa na mama mkwe wangu nilipoolewa, naye alifundishwa na mkwewe. Sipiki kwa ajili ya kilabu. Napika kwa harusi, kwa msiba, kwa kikao cha ukoo, na mwisho wa mwaka watoto wetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko. Naomba unipe nafasi nieleze mbege inavyopatikana, kwa sababu naamini anayeijua kazi yake hawezi tena kuichanganya na gongo.

Kazi inaanza mgombani. Mikungu inakatwa ikiwa imekomaa, bado kijani, kisha tunaivundika. Kwetu tunaivundika darini, juu ya jiko la kuni, chini na juu tumetandika majani makavu ya mgomba, joto la jikoni liipande taratibu. Mimi napenda ndizi ng'ombe, wengine wanachanganya aina mbili tatu kulingana na kilichopo kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Ndizi ikiiva mpaka ganda limeanza kuingia madoa meusi, inamenywa na kuingia kwenye pipa na maji. Hapo moto unakaa tangu asubuhi mpaka jioni. Unakoroga kwa mwiko mrefu, unaongeza kuni, unaongeza maji, na rangi inageuka mbele ya macho yako: njano inakuwa ya chungwa, chungwa inakuwa nyekundu ya kahawia. Mpishi mvivu anaipua kwenye rangi ya chungwa ili aokoe kuni. Mbege yake utaijua kwa kunywa, ina ladha ya ndizi mbichimbichi na haina ule utamu wa kuungua kidogo ambao ndio alama ya mbege ya huku kwetu Vunjo ninayoijua mimi.

Ikipoa inafunikwa na kuachwa siku kadhaa ichachuke. Huku juu kwenye baridi inachukua muda kuliko Moshi mjini, na mpishi anayejua hatazami kalenda, anainama juu ya pipa na kusikiliza. Ndizi inayochachuka ina sauti, mapovu madogo yanapasuka mfululizo. Siku za mwanzo ni kelele, baadaye sauti inapungua. Hamira hatununui dukani. Inakuja na ndizi zenyewe na inaishi kwenye vyombo, ndiyo maana mama mkwe wangu alikuwa hakubali pipa lake liazimwe. Hatua hii kwetu tunaiita nyalu.

Wakati nyalu inaendelea, ulezi nao una kazi yake, na hapa ndipo penye ufundi mwingi zaidi. Ulezi unapepetwa, unaoshwa mpaka mchanga uishe, unalowekwa usiku kucha, unachujwa, kisha unafunikwa kwenye majani ya mgomba mahali penye joto. Kila siku unafunua na kunyunyizia maji kidogo. Siku ya tatu hivi vijimizizi vyeupe vimeshikana kiasi kwamba ukiinua pembe moja, tandiko zima linainuka. Ukikosa siku hiyo kwa kuchelewa, mche unakuwa mrefu na ulezi unapoteza nguvu. Ukiwahi sana, kimea hakijawa kimea. Halafu lazima upate jua. Ulezi ulioota ukakutwa na manyunyu ya siku tatu mfululizo unaingia ukungu, na ulezi wenye ukungu kwangu ni wa kutupa. Siupeleki hata kwa kuku. Nitaeleza kwa nini mbele kidogo.

Ukikauka unasagwa, unga unapikwa uji mzito. Huo kwetu ni mso. Kimea ndicho kinachogeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Wazee hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba ulezi usiooteshwa hautoi mbege. Nilikuwa nawafundisha darasa la sita somo hili hili la mbegu kuota, na mtoto wa Kichaga alilielewa haraka kuliko mwingine yeyote kwa sababu ameliona chini ya majani ya mgomba kwa bibi yake.

Kisha msesewe. Huu ni mti wa kandokando ya mito, wanasayansi wanauita Rauvolfia caffra, na sisi tunatumia gome lake. Linabanduliwa, linaanikwa, linatwangwa, na kiasi kidogo kinaingia kwenye mchanganyiko kuipa mbege uchungu. Wazungu wanatia uchungu bia yao kwa maua ya hopsi, sisi tuna msesewe. Mkono wa mpishi unajulikana hapa kuliko mahali pengine popote. Msesewe ukipungua, mbege inakuwa tamu ya kuchosha, unakunywa kata moja, yaani kibuyu kimoja cha kunywea, unatosheka. Ukizidi, uchungu unang'ang'ania kooni na chakula hakishuki. Ukikaa sawa, uchungu unakuja baada ya utamu na unaondoka kabla hujameza mate.

Siku ya mwisho nyalu inakamuliwa na kuchujwa, inachanganywa na mso uliopoa, inafunikwa. Inalala usiku mmoja. Asubuhi povu limesimama juu ya pipa, na kabla ya saa sita mchana imeiva. Aliyepika anaonja kwanza mbele ya wageni, ndipo anawapa. Ni desturi ya zamani ya kuwaonyesha kwamba chombo hakina ubaya, na mimi siijui mbege inayotolewa vinginevyo.

Mbege nzuri ina mambo matatu kinywani: utamu wa ndizi, ukali wa kuchachuka na uchungu wa msesewe. Juu yake kuna chembe za ulezi unazozitafuna, na chini ya kata yanabaki machicha ambayo wazee wengine hawayaachi. Haipoozwi kwenye friji. Inanywewa siku inapoiva, kesho yake bado ni nzuri kwa wanaopenda ukali, na baada ya hapo inazidi kuchacha. Ndiyo sababu kubwa haikuingia madukani. Ukiifunga kwenye chupa inaendelea kuchachuka humo humo na chupa inapasuka. Ukiichemsha ili iache kuchachuka, umeondoa kilichoifanya mbege. Nimesikia watu wakiitumia sababu hii kusema kwamba ni kinywaji duni. Maziwa freshi nayo hayakai, na hakuna anayeyadharau kwa hilo.

Mhariri, najua kuna mbege mbaya. Wapo wanaoongeza sukari ili wapunguze ndizi, wapo wanaotia hamira ya dukani ili ichachuke usiku mmoja, wapo wanaoizimua kwa maji ya mfereji ambayo hayakuchemshwa. Wapo wanaouza iliyochacha kwa kuichanganya na mpya. Haya nayasema kwa uchungu kwa sababu yanatuharibia. Lakini yatajulikanaje kama hakuna anayeandika mbege nzuri ni ipi? Mnywaji wa mjini aliyeonja ya kuzimuliwa kwenye kopo la plastiki pembeni mwa stendi anaondoka akiamini hiyo ndiyo mbege. Hana cha kulinganishia.

Sasa niseme kuhusu gongo, maana sitaki nionekane natetea kila kilicho kwenye dumu. Gongo inakenekwa. Mvuke unanaswa na kupoozwa, kinachotoka ni kikali mara nyingi zaidi ya pombe iliyoanzwa nayo. Serikali ilishaitungia sheria tangu 1966. Kilevi cha mbege ni cha kiwango cha bia. Vifo vingi vinavyoripotiwa katika nchi zetu vinatokana na pombe kali zilizotiwa methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha na kuua. Mei 2014 wenzetu wa Kenya walizika makumi ya watu kwa siku chache, katika kaunti kadhaa zikiwemo Embu na Kiambu, na kilichowaua kilikuwa methanoli. Hapa kwetu balaa la vijana lilikuwa viroba, pombe kali ya viwandani kwenye vifuko vya plastiki, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Nilifurahi siku ile, na mama yeyote wa hapa aliyekuwa na kijana wa umri ule alifurahi. Kiroba hakikuwa pombe ya asili hata kidogo.

Ila kuna tukio moja ambalo kila mpishi wa pombe ya nafaka anapaswa kulijua, na nilitamani magazeti yetu yangelifuatilia mpaka mwisho. Januari 2015, kijiji cha Chitima, jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji kwenye msiba. Habari zilizoenea wakati huo zilisema ni nyongo ya mamba iliyowekwa na mbaya wao. Wataalamu walipopima waligundua kitu kingine: unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, bakteria wameota ndani yake na kutoa sumu inayoitwa asidi ya bongkreki, ambayo kupika hakuiondoi. Nyongo ya mamba ilisambaa dunia nzima. Unga ulioharibika uliandikwa na wachache. Na ule unga ndio wenye somo linaloweza kuokoa maisha ya mtu Rombo, Songea au Kigoma, kwamba nafaka iliyoingia unyevu au ukungu haipikiwi pombe hata kama hasara ni kubwa. Ndiyo maana nilisema ulezi wangu ukiota ukungu naumwaga.

Mwandishi wa habari akija kunihoji juu ya hatari za pombe za asili nitamweleza hayo yote kwa moyo mweupe. Shida yangu ni kwamba haji.

Kuna jambo la fedha pia, na hili lina uzito kwa wanawake wa mlimani. Katika kihamba chetu kahawa tangu zamani ilikuwa ya baba. Fedha ya kahawa ilipita chama cha ushirika na kuishia mikononi mwake. Ndizi zilikuwa za mama. Bei ya kahawa ilipoanguka, familia nyingi zilisimama kwa ndizi na mbege. Najua wanangu wa shuleni walionunuliwa madaftari na sare kwa pipa moja la mbege lililopikwa Ijumaa na kuuzwa Jumamosi. Machicha yalikwenda kwa nguruwe, maganda kwa ng'ombe, samadi ikarudi kwenye mgomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, hapa hapa Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Tulipongezwa kwa migomba, kahawa, miti ya kivuli na mifereji ya asili. Mbege haikusikika katika pongezi hizo, wakati migomba mingi katika vihamba vyetu bado imesimama kwa sababu kuna mtu atakayenunua ndizi za kupikia mbege. Siku mbege itakapokosa wanywaji, nani ataacha mgomba wa ndizi ng'ombe uendelee kusimama mahali panapoweza kuota parachichi la kuuza nje?

Nilipokuwa kazini nilipangiwa kwa muda mkoani Iringa, upande wa Mufindi, na huko nilijifunza kwamba sisi Wachaga hatuko peke yetu katika jambo hili. Nilifika nikidhani ulanzi ni pombe kama nyingine. Nikakuta haupikwi kabisa. Wakati wa mvua mianzi michanga inapochipua, mgema anakata ncha ya chipukizi, anafunga mbeta, yaani pingili ya mwanzi iliyowazi upande mmoja, na utomvu unadondoka humo. Asubuhi anakwenda, anakwangua kidogo pale alipokata ili usizibe, jioni anarudi tena. Unachachuka wenyewe ndani ya mbeta. Uliokingwa leo ni mtamu, watoto wanaunywa. Uliokaa unakuwa mkangafu, na mkangafu una heshima zake, haunywewi kwa pupa. Mvua zikikatika ulanzi unakwisha, mpaka mwaka unaofuata. Wazee wa kule walikuwa wanaweza kuonja na kusema umetoka bonde gani, na niliamini kwa sababu niliwaona wakibishana kwa majina ya mabonde na mwishowe kukubaliana. Kama ulanzi ungekuwa unatoka Ulaya, hoteli za Dar es Salaam zingekuwa zinautangaza kila msimu wa mvua unapofika.

Bukoba kuna rubisi, ndizi zinakanyagwa kwa miguu na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kisha unatiwa mtama uliokaangwa. Magharibi mwa Kenya kuna busaa, unga wa mahindi unachachishwa, unakaangwa, unachanganywa na kimea, na wazee wanauzunguka mtungi mmoja kila mtu na mrija wake mrefu. Pwani kuna mnazi. Hizi siwezi kuzieleza kwa undani, waeleze wenyewe, na ningefurahi kuwasoma kwenye ukurasa huu.

Miaka michache iliyopita wageni wawili kutoka Ubelgiji, mume na mke waliokuwa wameshuka mlimani, waliletwa kwangu na kijana wa jirani anayeongoza watalii. Niliwapa mbege kwenye kata. Mzee yule alikunywa, akanyamaza, akanywa tena, akaniambia kupitia yule kijana kwamba ukali ule anaujua. Alisema karibu na Brussels kuna bia ya kale inayoitwa lambiki ambayo haitiwi hamira. Inaachwa kwenye chombo cha wazi usiku, hamira ya hewani inaingia yenyewe, kisha inakaa kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Ni kali kwa kuchachuka na ni ghali, watu wanasafiri kuifuata. Akanieleza pia kuhusu mji wa Hoegaarden. Walikuwa na bia yao ya ngano, nyeupe, wanayotia maganda ya machungwa na mbegu za giligilani. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha mwisho kilichokuwa kinaitengeneza kilifungwa, kila mtu akahamia kwenye bia angavu za kawaida. Miaka ya 1960 muuza maziwa mmoja wa pale pale, Pierre Celis, aliyewahi kusaidia kazi katika kiwanda kile, akaamua kuitengeneza tena kwa sababu aliikosa. Leo bia ya namna ile inauzwa duniani kote. Na mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Sikumwonea wivu. Lakini baada ya kuondoka nilikaa nikifikiri kwamba tofauti kati ya kinywaji chao na changu haiko kwenye pipa. Wao wana watu wanaokiandika, wanaokionja na kusema hiki kimekosewa, hiki kimepatia. Wana mashindano, wana majina ya wapishi, wana sheria inayosema ni nini kiitwe hivyo na nini kisiitwe. Sisi tuna bia ya kiwandani yenye jina na picha ya mlima wetu, ambayo naiheshimu na wanangu wanaipenda, na hapo hapo chini ya mlima wenyewe mgeni anaweza kulala hotelini siku nne asiambiwe kwamba kuna kitu kinaitwa mbege. Katika hoteli moja ya huku niliwahi kuuliza kwa nini hawaiweki hata siku moja ya wiki, nikajibiwa kwamba wageni wataogopa. Wageni wangu hawakuogopa. Waliuliza maswali mazuri kuliko tunayoulizwa na watoto wetu.

Wapo wasomaji wako wasiokunywa kwa imani yao au kwa afya yao, nawaheshimu, na ndani ya ukoo wangu wapo. Ulevi nao upo, nimeuona ukivunja nyumba, na kilabu kinachojaa saa tatu asubuhi siku ya kazi mimi nakilaumu kama mtu mwingine yeyote. Mbege ilikuwa na mipaka yake. Ilinywewa kwa sababu maalumu, mbele ya wakubwa, kwa zamu, na kijana aliyepitiliza aliitwa na meku, yaani mzee wa ukoo, akaambiwa mbele ya watu. Mipaka hiyo ililegea pale kinywaji kilipoachwa kiwe cha uchochoroni tu.

Kwa hiyo, Mhariri, ninayo maombi kwako, na sidhani kama ni mazito. La kwanza, picha ya mbege isitumike tena kwenye habari ya gongo. Mpiga picha wako akitaka kujifunza tofauti, aje. La pili, tuma mwandishi wa makala, si wa habari za uhalifu, akae na mpishi tangu siku ya kukata mkungu mpaka siku ya kuonja. Mwingine umtume Iringa au Njombe mvua zikianza, mwingine Bukoba. Waandike majina ya wapishi wakiridhia, waandike ladha, waandike pia iliyo mbaya na sababu ya ubaya wake. La tatu, waulizeni kwa niaba yetu watu wa viwango na wa viwanda vidogo: mama anayetaka kupima usalama wa mbege yake afanye nini, aende wapi, na atalipa kiasi gani? Nimejaribu kuuliza katika ofisi moja, nikaelezwa masharti ya kiwanda chenye sakafu ya vigae na vyumba vitano. Mimi nina jiko la kuni, pipa mbili na maji ninayoyachemsha. Lazima kuna kipimo kinachomfaa mtu wa hali yangu, na kama hakipo basi kitengenezwe, maana tuko wengi.

Na wasomaji wako wanaopanda huku Desemba nawaomba hivi. Mkifika kilabuni au kwenye sherehe, kabla hamjapokea kata, ulizeni mbege imepikwa na nani, ndizi gani, ulezi umeota lini, msesewe umetiwa au haukutiwa. Mpishi mzuri atawajibu yote bila kusita na atafurahi kuulizwa. Asiyeweza kujibu, msimnunulie.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro